Scourge of Armagon kwenye parsele: kuipandisha, kuunganisha mashine na kuishi na delestaje

Quake, mchezo wa bunduki wa kompyuta, ilitoka Juni 1996, kazi ya id Software. Mwaka uliofuata ikapata pakiti mbili rasmi za nyongeza: Scourge of Armagon iliyotengenezwa na Hipnotic Interactive, na Dissolution of Eternity ya Rogue Entertainment. Mimi ni mtu wa ile ya kwanza, na ndiyo ninayowapandishia jamaa wanaokuja na mashine zao hapa Kamalondo. Wengi wakisikia mwaka 1997 hucheka. Waache wacheke. Michezo mipya inadai kadi ya picha yenye bei ya pikipiki na mega zisizohesabika. Huu unabebwa kwenye fleshi ndogo, unakimbia kwenye kompyuta iliyostaafu ofisini, hauulizi intaneti hata mara moja, na watu wanne wanaweza kuucheza pamoja wakiwa upande mmoja, wakipigana na madude badala ya kuuana wao kwa wao.

Hapa Lubumbashi shida haiko kwenye nguvu ya mashine. Shida ni mbili, na miongozo iliyoandikwa kwingine haizigusi: klavye ya AZERTY, ile yenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na delestaje, yaani umeme unaokatika mkiwa katikati ya ramani. Hizo mbili nitazikalia. Mengine tutayapita mbiombio.

Neno moja kabla ya kuanza. Huu ni mchezo wa bunduki na damu, na Marekani uliwekewa alama ya miaka 17 kwenda juu. Watoto wa parsele watajaa mlangoni wakisikia kelele, kwa hiyo amua mapema nani anaingia. Pia chezeni na visikizi masikioni. Milio ya risasi ikitoka kwenye spika saa nne usiku, katika nchi hii yetu, inaweza kumtoa mzee wa jirani kitandani na moyo mkononi.

Kupata mafaili

Nyongeza hii haisimami peke yake. Lazima uwe na Quake kamili, si lile toleo la bure lenye episodi ya kwanza tu. Quake inauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG, na ukiinunua unapata na nyongeza zote mbili. Msimbo wa injini, yaani programu inayoendesha mchezo, ulifunguliwa kwa leseni huria ya GPL mnamo Desemba 1999, ndiyo maana injini za kisasa ni za bure. Ramani, picha na sauti hazikufunguliwa. Bado zina mwenyewe. Mtu akikuuzia Quake nzima kwenye fleshi huku akikuambia ni bure tangu zamani, anachanganya mambo mawili.

Ukiichukua Steam utakuta matoleo mawili ndani ya folda moja. Lile lililotengenezwa upya mwaka 2021 liko ndani ya folda inayoitwa `rerelease`. Ni zuri, ila ni zito zaidi, na kwa kazi yetu hatulihitaji. Tunachotaka ni mafaili ya zamani yaliyo nje ya folda hiyo. Yatoe uyapange hivi:

`quake/id1/pak0.pak`
`quake/id1/pak1.pak`
`quake/hipnotic/pak0.pak`

Ndani ya `id1`, faili la kwanza linakaribia MB 18 na la pili MB 33. Ukiona la pili halipo, basi una lile toleo la bure, na kila utakalojaribu chini litagoma. Folda ya nyongeza lazima iitwe `hipnotic`, kwa i, si kwa y, kama kampuni ilivyojiandika. Nimeona watu wakisahihisha jina hilo kwa nia njema kisha wakashinda wakitafuta kosa.

Anayetumia Linux abadilishe majina yote yawe herufi ndogo. `Id1` iwe `id1`, `PAK0.PAK` iwe `pak0.pak`. Windows haijali, Linux inajali sana.

Muziki si lazima. Zamani ulisomwa moja kwa moja kutoka kwenye CD ya mchezo. Kama unao kwa mfumo wa ogg, tengeneza folda ya `music` ndani ya `id1` na nyingine ndani ya `hipnotic`, kisha weka nyimbo kwa majina ya `track02.ogg`, `track03.ogg` na kuendelea. Muziki wa Quake yenyewe ni wa Trent Reznor na wa Scourge ni wa Jeehun Hwang, kwa hiyo usizichanganye folda.

Injini

Programu ya mwaka 1996 haielewani na Windows ya leo. Kwa mashine za okazyo, zile zilizokwisha kutumika, mimi naweka QuakeSpasm na sibabaiki. Kuna nyingine nzuri: vkQuake inataka kadi inayojua Vulkan, na Ironwail inataka OpenGL 4.3. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu hazina hata moja kati ya hayo, na QuakeSpasm inakimbia juu yake bila kuhema.

Kwa Windows, pakua zipu yake, ifungue, mimina vyote vilivyomo ndani ya folda ya `quake`, pembeni ya `id1`. Usichukue faili la exe peke yake. Zile dll na faili la `quakespasm.pak` ni sehemu ya mzigo. Kwa Ubuntu au Debian:

`sudo apt install quakespasm`

Mashine zote zitakazocheza pamoja ziwekewe toleo lile lile. Njia rahisi ni kukamilisha folda nzima kwenye mashine moja, kuijaribu, kisha kuinakili kwenye fleshi na kuipitisha kwa wengine. Mafaili ya zamani bila muziki yanaenea kwenye fleshi ya MB 256, hata kama utaongeza na ile nyongeza ya pili.

Kuiwasha

Fungua programu ya kuandikia iliyo rahisi kabisa, Bloc-notes, andika mstari huu mmoja:

`quakespasm.exe -hipnotic`

Hifadhi kwa jina la `armagon.bat` ndani ya folda ya `quake`. Angalia hapa: Windows yetu ya Kifaransa huficha mikia ya majina, na faili lako linaweza kugeuka `armagon.bat.txt` bila wewe kujua. Fungua Explorateur, nenda Affichage, weka alama kwenye Extensions de noms de fichiers. Fanya hivyo leo, kwa sababu faili lingine tutakalolitengeneza baadaye lina mtego huo huo.

Kwa Linux:

`quakespasm -basedir ~/quake -hipnotic`

Usiandike `-game hipnotic` kama unavyofanya kwa nyongeza za mashabiki. Neno `-hipnotic` ndilo linaloiambia injini ichore silaha mpya kwenye mstari wa chini wa skrini.

Ikigoma, soma inachosema. Ikitaja `couldn't load gfx.wad`, injini haikuiona folda ya `id1`: ama umeiweka mahali pengine, ama jina limekosewa. Ikitoa `You must have the registered version to use modified games`, basi `pak1.pak` haipo au haisomeki. Kwa uzoefu wangu, makosa ya kuwasha huwa ni hayo mawili.

Klavye ya AZERTY

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, ilhali jambo lenyewe ni dogo. QuakeSpasm inaichukulia klavye yako kana kwamba ni ya Kimarekani. Haiangalii herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inaangalia mahali kitufe kilipo. Ukifunga amri kwenye `w`, injini inamaanisha kitufe kilicho juu kushoto, baada ya kile cha kwanza cha mstari wa herufi. Kwenye klavye yako ya Ubelgiji au Ufaransa hapo pameandikwa Z. Vilevile `a` ni Q yako. S na D ziko palepale.

Kwa hiyo ukisoma mwongozo wowote unaosema WASD, usibadilishe chochote. Weka vidole kwenye ZQSD, na mchezo utaelewa. Ukiingia kwenye menyu ya Options, sehemu ya Customize controls, ukabonyeza Z yako, skrini itaandika W. Si kosa. Iache.

Namba nazo. Kwenye AZERTY namba za juu zinahitaji Shift, lakini ukiwa ndani ya mchezo huhitaji Shift kubadilisha silaha, kwa kuwa injini inaangalia mahali pa kitufe tu. Ukifungua konsoli ili uandike amri, mambo yanageuka: sasa unaandika maneno, na klavye inarudi kuwa AZERTY yako ya kila siku. Huko namba zinataka Shift, nukta inataka Shift, na kwenye klavye ya Ufaransa mstari wa chini `_` uko kwenye kitufe cha 8 bila Shift.

Konsoli inafunguliwa kwa kitufe kilicho chini ya Esc, chenye ² juu yake. Kama kimekufa, na klavye nyingi za okazyo hufika na kitufe kimoja au viwili vilivyokufa, tumia Shift pamoja na Esc.

Sasa andika faili la pili kwenye Bloc-notes, lihifadhi kwa jina la `autoexec.cfg` ndani ya `id1`. Injini hulisoma kila inapowaka, hata ukiwa kwenye nyongeza:

`bind w +forward`
`bind s +back`
`bind a +moveleft`
`bind d +moveright`
`bind space +jump`
`bind mouse1 +attack`
`bind mwheelup "impulse 12"`
`bind mwheeldown "impulse 10"`
`+mlook`
`crosshair 1`
`fov 100`
`scr_sbarscale 2`

Mistari miwili ya gurudumu la mausi usiiache. Scourge inaongeza silaha tatu juu ya zile za awali, na kuzitafuta kwa namba huku dude linakufuata ni njia ya kufa. Mstari wa mwisho unakuza maandishi ya chini, ambayo kwenye skrini ya leo hutoka madogo kama sisimizi.

Kuunganisha mashine

Intaneti haihitajiki. Unahitaji swichi ndogo na nyaya za mtandao, au waya mmoja tu kama mashine ni mbili. Simu inayogawa Wi-Fi nayo hufaa, hata ikiwa haina mega hata moja, mradi mashine zionane. Waya ni bora. Wi-Fi ya simu huchelewa kidogo, na kwenye mchezo huu ucheleweshaji mdogo unauhisi mara moja kwenye kulenga.

Mkiwa kwenye swichi tupu hakuna kifaa cha kugawa anwani, kwa hiyo zipange kwa mkono. Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`, fungua Ethernet, Propriétés, Protocole Internet version 4, kisha Utiliser l'adresse IP suivante. Mashine mama, ile inayobeba mchezo kwa wote, ipe `192.168.1.10`, ya pili `192.168.1.11`, na kuendelea. Masque ni `255.255.255.0` kwa wote. Sehemu ya Passerelle iache tupu.

Mashine mama iwe laptopu yenye betri inayoshika. Usichague kompyuta yenye nguvu kuliko zote. Quake haijali nguvu. Sababu ya betri utaiona hapo mbele.

Mara ya kwanza mashine mama ikifungua mchezo wa mtandao, Windows itauliza kuhusu pare-feu. Weka alama kwenye Réseaux privés, bonyeza Autoriser l'accès. Ukikataa kwa haraka, wenzako hawataiona seva, nanyi mtaanza kulaumu nyaya zisizo na hatia. Quake hutumia bandari ya 26000.

Kwenye mashine mama, fungua konsoli uandike:

`disconnect`
`maxplayers 4`
`deathmatch 0`
`coop 1`
`teamplay 1`
`skill 1`
`map start`

Amri ya `disconnect` lazima itangulie, kwa kuwa idadi ya wachezaji haibadilishwi seva ikiwa inafanya kazi. Skill 0 ni rahisi, 1 ni kawaida, 2 ngumu, 3 jinamizi. Anza na 1 hata kama unajiona shujaa. Mkiwa zaidi ya wanne, mashine mama iwashwe tangu mwanzo hivi:

`quakespasm.exe -hipnotic -listen 8`

Bila hivyo injini haivuki wanne hata ukiibembeleza. Kikomo chake cha juu ni 16, lakini vichochoro vya mchezo huu ni vyembamba. Kwa ladha yangu wanne ndio kiasi.

Wengine, kila mmoja kwenye konsoli yake:

`connect 192.168.1.10`

Sasa kuhusu `teamplay 1`. Inazuia risasi zenu zisiumizane, ila kwa sharti moja ambalo watu hawalijui: wachezaji wawe na suruali ya rangi moja. Kila mtu aingie Multiplayer, kisha Setup, achague Pants color ile ile. Shati liwe la rangi yoyote. Msipofanya hivyo, roketi ya rafiki yako itakumaliza kabla dude halijakuona.

Umeme ukikatika

Ukicheza peke yako, dawa ni F6. Inahifadhi papo hapo, na F9 inarudisha. Bonyeza F6 kabla ya kila mlango usioujua, baada ya kila pambano, na taa zikianza kupepesa. Kichukulie kitufe hicho kama sehemu ya silaha zako. Mafaili ya kuhifadhi yana mkia wa `.sav`, yanakili kwenye fleshi mara moja moja, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na diski nzima. Stabilizateri kwa kompyuta ya mezani si anasa.

Mkicheza pamoja, F6 haifanyi kazi. Injini inakataa kuhifadhi mchezo wa watu wengi. Kwa hiyo umeme ukikatika na mashine mama ikazimika, safari yote imepotea: silaha, kinga, kila kitu. Ndiyo maana mama iwe laptopu. Kama una onduleri moja tu kwenye parsele, ichomeke swichi na chaja ya mama, si televisheni.

Tuseme mama amebaki hai lakini kompyuta ya mezani ya mwenzako imezima. Mchezo unaendelea. Umeme ukirudi, au mkimhamishia kwenye laptopu nyingine, anaandika `connect` kama mwanzo. Seva inaweza kuwa bado inamshikilia yule wa zamani. Ikigoma mara ya kwanza, arudie, itamfungulia. Ataingia akiwa na shoka na bunduki ndogo tu, kama mtu aliyezaliwa upya, wakati wenzake wameshajaa roketi. Hapo kuna msaada halali kabisa, kwa hukumu yangu: amri ya `give`. Katika `coop`, yaani mchezo wa upande mmoja, inakubali, nayo kila mtu anaiandika kwenye konsoli yake mwenyewe:

`give 3` bunduki ya mitutu miwili
`give 5` bunduki kubwa ya misumari
`give 7` ya roketi
`give 6a` ile ya mabomu ya kunata
`give 9` kanoni ya leza
`give 0` nyundo
`give r 30` roketi 30
`give c 100` betri 100

Kubalianeni mapema: mtu anarudishiwa alichokuwa nacho, si zaidi. La sivyo kila delestaje itageuka sikukuu ya silaha.

Na kama mama mwenyewe amezima, msianze upya tangu lango la kwanza. Andikeni kwenye kikaratasi ramani mliyofikia, kisha muirudie moja kwa moja. Majina yanafuata mpangilio: `hip1m1` hadi `hip1m5` kwa episodi ya kwanza, `hip2m1` hadi `hip2m6` kwa ya pili, `hip3m1` hadi `hip3m4` kwa ya tatu, na `hipend` ndiyo pango la Armagon mwenyewe. Mama anaweka zile amri za juu, ila badala ya `map start` anaandika, kwa mfano:

`map hip1m3`

Hiyo, kwa kutajia tu, inaitwa The Lost Mine, mgodi uliopotea. Hapa kwetu, mji wa migodi, hakuna anayeifikia bila kutoa maneno.

Kinachowangoja ndani

Sitawaeleza njia za ramani. Kuzitafuta ndiyo mchezo. Lakini mambo machache yakijulikana mapema yanaokoa roho.

Episodi ya kwanza inaanza kwenye mazingira ya viwanda na kambi: kituo cha pampu, ghala, maabara. Ya pili inahamia kwenye makanisa meusi na makaburi. Hipnotic waliipa Quake kitu ambacho haikuwa nacho, vitu vinavyozunguka kweli, kwa hiyo ukiona gurudumu au panga la chuma linageuka, lisubiri ulisome mwendo wake kabla ya kupita. Kampuni hiyo baadaye ilijiita Ritual Entertainment na kutoa SiN mwaka 1998.

Dude la kukumbuka ni Gremlin. Ni kijitu kidogo, chepesi, na kazi yake ni wizi. Anakurukia, anakupokonya silaha uliyoshika, kisha anakupiga nayo. Mara ya kwanza ikimtokea mtu, chumba kizima kinasikia. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa ndiyo kwanza ameokota bunduki ya roketi, akaanza kubonyeza bila kutoka kitu. “Yaya, bunduki yangu iko wapi?” Nikamwambia, angalia mbele yako. Yule mdudu alikuwa amesimama kwenye ngazi, anaielekeza kwake. Ukimuua anaiangusha, unaokota chako. Anakula pia maiti zilizolala sakafuni, kwa hiyo usimwache nyuma yako kwenye chumba mlichokwisha kusafisha. Mbinu yangu: ukisikia Gremlin yuko karibu, shika silaha usiyoipenda.

Centroid ni nge wa chuma mwenye bunduki za misumari na mkia wa kuchoma. Usimkaribie, na usisimame mahali pamoja. Spike Mine ni mpira wenye miiba unaoelea na kukufuata, ukikugusa unalipuka. Upigwe ukiwa bado mbali, na asiwepo mwenzako kati yako nao.

Silaha mpya: bonyeza 6 mara mbili upate bunduki ya mabomu ya kunata. Inatumia roketi. Bomu linabandika ukutani na kulipuka adui akikaribia, na katika `coop` ndiyo silaha inayohitaji mazungumzo kuliko zote. Ibandikeni kwenye mlango wa nyuma, mwiteni dude, mrudi. Msiibandike mnakopita ninyi. Kanoni ya leza inatumia betri, na miale yake hudunda ukutani, kwa hiyo kwenye kichochoro chembamba unaweza kumpata adui aliyejificha kwenye kona, au kujipata mwenyewe. Nyundo ya Mjolnir inaonekana ya kuchekesha mpaka uipige mkiwa mmezungukwa: inatoa radi inayosambaa kwa walio karibu, nayo inakula betri hizo hizo za kanoni. Chagueni nani anabeba nini, kwa maana betri hazitoshi kwa wote.

Kuna pia baragumu, Horn of Conjuring, inayokuitia dude la upande wako likupiganie. Msilipige risasi kwa mazoea. Ngao za Empathy zinagawa maumivu: sehemu unachukua wewe, sehemu inamrudia aliyekupiga. Ukizipata, ndiyo wakati wa kutangulia mbele, si wa kujificha nyuma ya wenzako.

Mkimaliza mkataka zaidi, Dissolution of Eternity inafuata hatua hizi hizi. Folda yake ni `rogue`, na kwenye faili la bat unaandika `-rogue` mahali pa `-hipnotic`. Ila zile namba za `give 6a`, `give 9` na `give 0` ni za Scourge peke yake, msizipeleke huko.